Nyumba Ndogo ya Kona ya Kushoto

Chini kabisa ya skrini kuna maneno matatu: Mwanzo, Tafuta, Akaunti. Juu ya kila neno pamekaa kipembetatu cha kijivu kilichoelekeza ncha yake chini, kama mshale uliopotea njia. Hakuna aliyekichora. Ni alama ambayo React Navigation, mojawapo ya maktaba wanazotumia watengeneza programu za simu, hujiwekea yenyewe pale fundi anapokuwa hajaipa picha. Kiti kitupu kinachomsubiri mgeni rasmi. Programu inafanya kazi. Ukigusa Tafuta unatafuta, ukigusa Akaunti unaikuta akaunti yako. Lakini anayeitazama anahisi kuna kitu hakijakamilika, kama duka lililofungua milango kabla rangi haijakauka.

Dawa yake ni fupi. Fundi anaandika mstari mmoja, anataja jina la picha kutoka kwenye mkusanyo wa picha za bure, tuseme Ionicons, ambamo nyumba inaitwa "home" na kioo cha kukuzia kinaitwa "search". Anahifadhi kazi yake, na kabla hajainua mkono simu iliyolala mezani imejichora upya. Vipembetatu vimetoweka. Kwenye kona ya kushoto imesimama nyumba isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho: paa la pande mbili, kuta mbili, uwazi wa mlango. Fundi mwangalifu huipa sura mbili, moja ya mistari mitupu na nyingine iliyojaa wino, ili mtu akiwa ndani nyumba ijae, na akitoka ibaki mifupa. Nyumba ndogo hiyo, na msomaji wa Dar es Salaam asicheke kwa jina hilo, hupigiwa hodi na vidole gumba mara zisizohesabika kwa siku. Mtu huzurura kwenye bei za viatu, habari za mpira na picha za harusi za watu asiowajua, kisha gumba linarudi pale pale kushoto. Mwenda tezi na omo, walisema mabaharia, marejeo ni ngamani.

Milango hii ya chini ya skrini watafsiri wameamua kuiita vichupo. Neno lenyewe bado halijazoea mdomo. Anayelisikia mara ya kwanza hufikiria chupa ndogo, na likitamkwa haraka liko irabu moja tu mbali na vazi lisilotajwa mbele ya wakwe. Mafundi wakiwa kazini husema "tab", na wakilimalizia kwa irabu kama lugha inavyotaka, linakuwa tabu. Si mbali sana na ukweli.

Lakini nyumba ile ni ya nani? Wapo wachoraji wanaoipachika dohani ubavuni, njia ya moshi wa moto unaowashwa sebuleni watu wakiota wakati wa theluji. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa paa bapa na kuta nene za matumbawe. Nyumba ya Mmasai ni ya mviringo, imekandikwa kwa samadi. Hakuna mwenyeji wa Lamu wala Mmasai wa Monduli anayesita anapoiona ile ya pembe tatu kwenye simu. Wala hasiti mbele ya alama nyingine zilizo jirani na nyumba hiyo. Kioo cha kukuzia kinasimamia kutafuta, ilhali wengi hawajawahi kukishika, na aliyewahi kukiona alikiona kwa fundi saa, jicho moja limefumba, akisaka skrubu iliyodondoka. Gurudumu la meno linasimamia mipangilio, ingawa ukimwambia dereva wa bodaboda "gia" mkono wake haufikirii mipangilio hata kidogo. Kengele ya arifa ina umbo la kengele ya kanisa au ya mezani, wakati maelfu ya watoto wamekua wakiitwa darasani kwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe na kugongwa kwa chuma. Ile alama ya sanduku la barua lenye kibendera kilichosimama, iliyowahi kupendwa na programu za barua pepe, imetoka Marekani, ambako mtumishi wa posta hupita nyumba kwa nyumba. Huku kwetu barua haikufuati nyumbani, unaifuata wewe kwenye S.L.P. yako, ukiwa na ufunguo mfukoni. Na simu yenyewe bado inachorwa kama mkonga, ule wa simu ya mezani, uliopewa jina la pua ya tembo na watu waliokuwa na jicho zuri. Kijana wa miaka kumi na tisa hajawahi kuunyanyua mkonga popote, lakini anajua kwamba wa kijani unapokea na mwekundu unakata.

Basi picha hizi hazisomwi. Zinakumbukwa. Aliyezizoea anadhani zinafanana na kazi yake, kumbe kinachomsaidia ni kwamba alishapita pale jana na juzi.

Watu waliozianzisha walidhani mfano wenyewe ungetosha. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, ambayo kioo chake kilijifanya meza ya ofisi: karatasi, majalada, trei ya barua zinazoingia. Ilikuwa hesabu nzuri kwa karani wa Marekani, kwa sababu alichokiona kwenye kioo ndicho alichokiona akigeuza shingo. Miaka miwili baadaye Susan Kare, msanii mwenye shahada ya uzamivu ya sanaa ambaye hakuwa mhandisi, aliajiriwa Apple kuchora alama za Macintosh iliyotoka mwaka 1984. Alianza kwa daftari la karatasi ya miraba, akipaka kisanduku kimoja kimoja. Alama moja ilikuwa na visanduku 32 kwa 32, yaani nafasi 1,024 za kuamua nyeusi au nyeupe, bila kijivu, bila nusu. Mwenye kusuka ukili au kushona kofia ya vito angeielewa kazi hiyo papo hapo: tundu moja likikosewa, ua lote linapinda.

Simu za leo zina rangi kwa mamilioni, lakini kwenye ule mstari wa chini zimerudi kwenye unyimivu wa zamani. Kwa kawaida iPhone ikipewa picha ya kichupo haichukui rangi zake. Inachukua umbo tu, mahali palipozibwa na mahali palipo wazi, kisha inapaka rangi yake yenyewe, kama bibi harusi anavyopakwa piko kupitia karatasi iliyotobolewa. Mchoraji akileta nyumba yenye bati jekundu na ukuta wa chokaa, itatoka doa moja la buluu. Kinachosalia lazima kiwe kile ambacho jicho lilikwisha kukijua.

Tanzania iliwahi kuwa na nyumba kama hiyo, na haikuwa kwenye simu. Uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, uliwasimamisha wagombea wawili wa chama hicho, TANU, katika majimbo mengi, na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama. Mmoja alipata jembe, mwingine nyumba. Zilikuwa alama mbili tu kwa majimbo yote, zikarudi tena katika chaguzi zilizofuata, zikikusudiwa kutosema chochote juu ya mtu: jembe ni jembe, nyumba ni nyumba, chagua. Lakini nani katika nchi ya wakulima anaweza kulitazama jembe bila kusikia kitu? Mwenye jembe ana hotuba mkononi kabla hajapanda jukwaani: bila mimi mtakula nini? Mwenye nyumba naye hakosi la kujibu: na jembe lenyewe mtalilaza wapi mvua ikinyesha? Aliyebuni alama hizo alitaka vitu viwili visivyo na upande, akachukua vile ambavyo kila kaya ilikuwa navyo, na kwa sababu hiyo hiyo vikawa vimejaa maneno tayari. Ile nyumba ya kwenye simu husema "rudi mwanzo". Ile ya kwenye karatasi ya kura ilisema jina la mtu, na jirani yake kwenye karatasi hiyo hiyo alikuwa chombo cha kazi. Umbo ni moja.

Kenya nayo ina somo lake, la matunda. Kwenye kura ya maoni ya katiba ya tarehe 21 Novemba 2005, waliounga mkono walipewa ndizi na waliopinga wakapewa chungwa. Yalikuwa matunda mawili ya kwenye meno ya kila mtu, hayana kabila wala dini. Chungwa likashinda. Halafu likakataa kurudi kapuni: waliokuwa upande wake wakajenga chama juu yake, na tangu hapo chungwa nchini Kenya ni siasa hata linapokuwa limemenywa. Kura ya maoni ya mwaka 2010 haikutumia matunda tena, ilitumia rangi, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana. Pengine tume ilikuwa imejifunza kwamba ukimpa mtu picha, hujui atakwenda nayo wapi.

Mbali na hapa, huko Mexico, treni za chini ya ardhi za mji mkuu zilianza kazi Septemba 1969, na kila kituo kilipewa mchoro wake chini ya mkono wa Lance Wyman, mbunifu kutoka Marekani, kwa kuwa sehemu kubwa ya abiria hawakujua kusoma. Kituo cha Chapultepec kina panzi, kwani kwa Kinahuatl jina hilo ni kilima cha panzi. Abiria asiyejua herufi hata moja angeweza kuambiwa "shuka kwenye panzi" na akafika. Jambo zuri la kazi ile ni kwamba panzi hakutolewa kwenye kitabu cha alama za dunia. Alitolewa ndani ya jina la mahali penyewe, kisha jina likaandikwa chini yake. Anayejua kusoma na asiyejua wakisimama kwenye ubao mmoja, kila mmoja anapata chake.

Si kila mchoro unasomeka kwa sababu tu hauna herufi. Watafiti wa Microsoft waliokuwa Bangalore, India, wakiongozwa na Indrani Medhi, walijaribu miaka ya 2000 kutengeneza programu isiyo na maandishi kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani wanaotafuta kazi. Waliona kwamba alama kavu, iliyopunguzwa mpaka mistari miwili mitatu kama wanavyopenda wabunifu, iliwachanganya watu. Jiko lililochorwa peke yake lilikuwa kitu, halikuwa kupika. Ilibidi mvuke upande juu ya sufuria na maji yatiririke bombani ndipo mchoro useme kuna kazi inayofanyika. Hilo linastahili kukaliwa kidogo. Nyumba ya kona ya kushoto ni jina la kitu; "rudi mwanzo" ni kitendo. Katikati ya jina na kitendo kuna mto, na anayeuvuka bila kulowa ni yule aliyeonyeshwa kivuko.

Na huku kwetu kivuko kikubwa kuliko vyote kilijengwa bila picha hata moja. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, ilikuja kama orodha ya maneno, nayo ya Tanzania ikiwa na namba pembeni. Mama wa genge aliyeishia darasa la nne aliingia humo na kutoka na hela yake. Wengi hawakuisoma ile orodha mstari kwa mstari. Walikariri namba za kubonyeza na mpangilio wake kama mtu anavyokariri ngazi za nyumba aliyozaliwa, gizani, bila taa. Namba haifanani na chochote. Haina paa wala dohani. Ikatosha.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, simama kituoni Dar es Salaam jioni watu wakigombania daladala. Magari yana mkanda wa rangi ubavuni unaotofautiana kwa njia, na juu ya kioo cha mbele yameandikwa yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Abiria wa kila siku hasomi. Rangi ikichomoza tu kwenye kona, kabla maandishi hayajasomeka, yeye tayari amekaza mkoba na kusogea ukingoni. Pembeni yake yuko aliyefika mjini jana: anasubiri gari lisimame, anasoma neno kwa neno, na bado anamuuliza konda. Kuuliza si ujinga. Gari ni moja, ubavu ni mmoja, lakini rangi imepakwa kwa ajili ya mwenyeji na maandishi yamewekwa kwa ajili ya mgeni, na hakuna mwenye daladala aliyewahi kusema kwamba kwa kuwa rangi ipo, maandishi yafutwe ili gari lipendeze.

Wabunifu wa programu husema hivyo kila siku. Kwanza waliweka picha ili kuyasindikiza maneno. Picha zikishazoeleka, maneno yanaonekana uchafu, yanatupwa, na skrini inabaki safi kama sebule ya mtu asiye na watoto. Kiswahili kinawapa kisingizio kizuri. Mwongozo wa Google unataka vichupo vitatu hadi vitano. Kwenye simu ya kawaida yenye upana wa vizio 360, vichupo vitano vinapata vizio 72 kila kimoja, na humo ndani neno kama "Mipangilio", herufi kumi, linasongamana na "Mapendekezo" kama abiria wa daladala ya Mbagala Rangi Tatu. Herufi zinapunguzwa, halafu zinakatwa na kumalizikia nukta tatu, "Mapende...", na hapo meneja anasema tuondoe tu, si picha ipo? Kuna njia nyingine, kutafuta neno fupi. Mwanzo. Soga. Arifa. Mimi. Lugha iliyozoea kuwafumba watu kwa mafumbo ya vina na mizani haiwezi kukosa maneno manne mafupi. Inahitaji tu mtu akae nayo nusu saa, na nusu saa hiyo mara nyingi ndiyo isiyopatikana.

Wanaoumia neno likiondoka si wageni peke yao. Mtu asiyeona husikiliza simu yake ikimsomea anachokigusa. Penye neno, simu hulitamka. Penye picha tupu ambayo fundi hakuiandikia jina hata kwa siri, simu husema tu kwamba hapo pana kitufe, kisha kitufe, kisha kitufe, na mtu anapapasa korido yenye milango mitano isiyo na tofauti.

Hata kwa anayeona, picha peke yake hubadilika tabia bila kuaga. Tarehe 3 Novemba 2015 Twitter iliondoa nyota, ambayo watu walikuwa wakiibonyeza kuweka alama kwenye jambo la kurudia, ikaweka moyo mwekundu. Asubuhi moja, mtu aliyekuwa akihifadhi habari za ajali ili azisome baadaye alionekana kuzipenda. Mpaka leo chini ya tangazo la msiba moyo unasimama ule ule unaosimama chini ya keki ya siku ya kuzaliwa, na waombolezaji wanaubonyeza kwa kusitasita, au wanaupita na kuandika pole kwa mkono, herufi kwa herufi.

Kwenye pwani hii ugomvi wa picha na neno una umri mkubwa kuliko simu. Kanga nazo zilikuwa na picha kwanza: upindo kuzunguka, na mji katikati, korosho au ua au mwezi. Hazikuwa na maandishi. Maneno yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana kuwa aliyeyaingiza ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi, ndani ya kijisanduku chini ya mji, pale pale ambapo simu huweka jina la kichupo chini ya picha yake. Na watu hawakuyaita maandishi. Waliyaita jina, kana kwamba kanga zote zilizotangulia zilikuwa zimezaliwa lakini hazijaitwa.

Mwendo wa dukani haujabadilika sana tangu hapo. Muuzaji anavuta doti kutoka kwenye rafu, anaifunua kwa mkupuo mmoja mpaka inapiga hewa, na mji wake unatanda juu ya meza, mwekundu na mweusi, maua makubwa kama visahani. Mteja anakubali kwa kichwa. Rangi ameipenda, inamfaa, ina mwenzake kabatini. Mkono wake lakini hauendi kwenye pochi. Unashika kitambaa chini, unakivuta taratibu kuelekea kwenye mwanga wa mlangoni, mpaka kijisanduku kinatokeza. Midomo inatembea kidogo, bila sauti. Anacheka peke yake, au anakunja uso na kumrudishia muuzaji kanga nzuri kuliko zote za duka lile, kwa sababu inasema neno ambalo mawifi zake wangelielewa vingine. Ndipo anaonyesha nyingine juu ya rafu, ya pili kutoka kushoto, na kuomba aisome kwanza kabla hajatajiwa bei.